Ufukwe Safi Mno

"Tatizo la ufukwe wenu," alisema Mratibu, "ni kwamba ni safi mno."

Alikuwa amekalia kiti pekee chenye mgongo ndani ya nyumba ile, kikombe cha chai mkononi. Viatu vyake vyeupe alikuwa ameviacha mlangoni juu ya karatasi aliyokuja nayo, visishike mchanga. Mwenye nyumba, ambaye mtaa mzima ulimwita Mama Mwani kwa sababu alilima mwani mwingi kuliko wenzake, alidhani amesifiwa. Akasema ahsante.

"Hapana, mama, nielewe. Jumamosi naleta watu mia tatu. Wanafunzi, watu wa benki, waandishi wa habari, mgeni rasmi. Kila mmoja anapewa glavu na mfuko. Wakifika wakakuta mchanga mtupu, wataokota nini?"

"Wataokota upepo," alisema bibi, mama mkwe wa Mama Mwani, kutoka kona ya chumba, bila kuondoa macho kwenye wavu aliokuwa akiuziba. "Watu wanakuja kusafisha, wamekuta pamesafishwa. Si wanywe maji warudi makwao?"

Mratibu alicheka kidogo, kwa adabu. Akatoa simu, akaonyesha picha aliyoipiga darajani asubuhi ile. Ilikuwa picha ya wavu mwingine, ule wa mferejini.

Wavu wenyewe haukuwa siri. Mfereji mkubwa uliotoka mjini ulipita chini ya daraja ukamwaga ufukweni, mita mia mbili kutoka kwenye mashamba ya mwani, na kila mvua iliponyesha huko juu ulishuka na kila kitu ambacho watu wa mjini hawakukitaka: chupa, mifuko, kandambili zisizo na wenzake, vifuko vya sabuni, nepi. Miaka minne iliyopita bibi, aliyefuma nyavu za wavuvi tangu usichana wake, aliokota vipande vya nyavu kuukuu, akaviunga, akavifungia madumu matupu ya mafuta upande wa juu na mawe upande wa chini. Yeye na mkwe wake wakaunyoosha kukatisha mdomo wa mfereji, ncha moja kwenye nguzo ya daraja, nyingine kwenye chuma walichokipigilia ng'ambo. Madumu yalikuwa kumi na mawili, kila moja na namba yake kwa rangi nyeupe. Taka zilikusanyika kwenye tumbo la wavu. Kila maji yalipokupwa wanawake hao wawili walifungua ncha ya ng'ambo, wakaikunja kuelekea darajani kama mtu anayekunja mkeka wenye makombo, wakazoa. Ncha ya daraja haikufunguliwa kamwe. Mkondo ulipita upande huo, na fundo lake ndilo lililobeba uzito wote.

"Naomba siku tatu tu," Mratibu alisema. "Mfungue Alhamisi, mfunge Jumapili. Bahari ni kubwa."

"Jumapili navuna," alisema Mama Mwani.

"Si uvune kabla?"

"Mwani unatimiza siku arobaini na tano Jumapili. Nikivuna leo mnunuzi ataukataa, atasema haujakomaa. Na taka zikishuka zinalala juu ya kamba za mwani, jua linaupika, mkondo unang'oa vigingi. Siyo hadithi, nimeona. Mwaka kabla ya wavu nilikuwa na kamba sitini, nikavuna nane."

"Mama, huu ni mradi wa kushirikisha jamii."

"Nimesikia. Na mimi ni jamii. Sitaki."

Kupitia mlango ulio wazi kilionekana chumba cha bibi, na juu yake turubai lililofungwa mahali ambapo palipaswa kuwa na mabati. Mavuno yale ndiyo yangekuwa paa hilo. Kila mtu nyumbani alijua, hata paka, aliyekwisha kuhama chumba.

Mratibu aligeukia mlangoni, alikokuwa ameketi mume wa Mama Mwani. Watu walimwita Dereva, ingawa usukani aliushika mara ya mwisho miaka miwili nyuma, kabla kampuni ya malori haijafungwa. Wavu hakuwahi kuugusa hata siku moja. Alisema maji yale yananuka.

"Nasikia wewe ni dereva, mzee," Mratibu alisema. "Mradi una pikapu. Imekaa tu, inasubiri mtu."

Alivaa viatu vyake akaondoka. Karatasi aliiacha mlangoni.

"Mgeni njoo, mwenyeji apone," alisema bibi, akiinama kuiokota. "Huyu kaja, mwenyeji kaanza homa."

*

Mkutano wa kushirikisha umma ulifanyika Jumatano katika darasa la shule ya msingi. Watu wazima walikaa kwenye madawati ya watoto, magoti yakigusa videvu. Kila mmoja alipewa kadi moja ya rangi na kalamu ya kuazima, akaambiwa aandike jambo moja ambalo lingepunguza plastiki baharini.

Mama Mwani aliandika: *Gari la taka lipite mtaani kwetu Jumanne na Ijumaa.* Gari la taka lilikuwa halijapita kwa miezi minne. Taka alizozizoa wavuni alizipanga nyuma ya nyumba katika magunia, yakafika dirishani. Mara ya mwisho gunia lingine lilikosa pa kuwekwa, na tangu hapo, siku tisa sasa, tumbo la wavu halikuwa limezolewa.

Wasaidizi wa Mratibu walikusanya kadi wakazibandika ukutani chini ya vichwa vya habari vilivyokuwa vimeandaliwa tayari. Chini ya ELIMU zilibandikwa kadi ishirini na sita. Mama Mwani, aliyekuwa karibu na ukuta, alizisoma. Kumi na tisa zilikuwa na mwandiko mmoja, na mwandiko huo haukuwa wa mtu yeyote wa mtaani. Chini ya MENGINEYO ilibandikwa kadi moja. Ilikuwa yake.

"Kwa hiyo jamii yenyewe imesema," Mratibu alitangaza. "Jamii inahitaji elimu."

"Jamii inahitaji gari," alisema Mama Mwani.

"Gari ni suala la halmashauri, mama. Sisi ni uhamasishaji." Akageukia wengine, sauti ikalainika. "Jumamosi kutakuwa na fulana, kofia na maji kwa kila mshiriki. Changamoto moja tu: wapo wenzetu wachache, sitaji mtu, hawako tayari kushirikiana. Mgeni rasmi akisikia, anaweza kuhamishia shughuli mtaa mwingine."

Madawati yakalia. Mwenye duka alimgeukia Mama Mwani. "Dada, wavu gani usioweza kupumzika siku tatu? Hata ndoa hupumzika."

Darasa likacheka. Dereva, aliyekaa dawati la nyuma, hakucheka. Alikuwa akiangalia nje kupitia dirisha, ambako pikapu nyeupe ilikuwa imeegeshwa kivulini.

Walirudi nyumbani kwa mguu, Dereva hatua mbili mbele ya mkewe.

"Unaniaibisha," alisema.

"Kwa kusema gari?"

"Kwa kusema. Mwanamume anakuja nyumbani kwangu na kazi mkononi, wewe unamwambia habari za vigingi. Miaka miwili nakula jasho lako. Unadhani linashuka vizuri kooni?"

"Sijawahi kukuhesabia tonge."

"Hujawahi. Ndiyo maana haliteremki."

Mama Mwani alimwomba kitu kimoja tu: wavu usiguswe hadi Jumapili jioni. Dereva alisema, "Sawa." Alisema hivyo bila kugeuka.

*

Usiku wa Alhamisi mvua ilinyesha huko juu. Ijumaa asubuhi mfereji ulikuwa umejaa, rangi ya chai ya maziwa, na tumbo la wavu lilikuwa limevimba. Mama Mwani alipita kuutazama, akaridhika, akaenda kwenye chanja za kuanikia mwani kubadilisha miti iliyooza. Maji yalikuwa yanakupwa. Vichwa vya vigingi vilianza kujitokeza, safu kwa safu, kamba sitini na nne.

Mnamo saa tatu aliinua kichwa kunyoosha mgongo, akaona dumu la buluu likielea mbele yake. Lilikuwa na namba saba kwa rangi nyeupe.

Alilitazama kwa muda ambao mtu huhitaji kusoma namba moja. Kisha likapita la tisa, limeburuta kipande cha wavu kama mtu aliyekimbia na shuka. Nyuma yake maji yote yalikuwa meupe, na lile halikuwa povu.

Alikimbia akiwa na shoka bado mkononi.

Darajani alimkuta mumewe amesimama, amevaa mabuti mapya ya mpira yenye nembo ya mradi, mikono imeloa hadi viwiko. Fundo la nguzo lilikuwa limekatwa kwa kisu. Ncha ya ng'ambo, ile ya kufunguliwa, ilikuwa salama kwenye chuma chake, na kutoka hapo ulining'inia wavu wa urefu wa mita tatu, umechanika.

"Nilidhani ni sawa upande wowote," alisema Dereva.

"Umekata upande wa daraja."

"Huku kukavu."

"Umekata upande wa daraja," alirudia, polepole, "kwa sababu huku kukavu."

"Nilitaka kuulegeza tu. Ukaniponyoka. Siku tatu tu, alisema, halafu tunafunga..."

"Tunafunga nini?"

Chini yao siku kumi na moja za taka za mji mzima zilikuwa zikitoka kwa pamoja, bila haraka, zikigeuka kulia zilikogeukia siku zote, kuelekea kwenye mwani.

Mama Mwani alimpa shoka alishike, akaingia majini. Bibi alikwisha kufika, khanga ameikaza kiunoni, kisu cha nyavu kinywani. Walifanya kazi kutoka kamba hadi kamba, maji yakiwa magotini, kisha kwenye vifundo, kisha hayapo. Mifuko ilikuwa imejivika kwenye mwani kama nguo kwenye kamba. Ukivuta mfuko, mwani unakatika nao. Ukiuacha, mkondo unavuta kigingi. Kamba ya kwanza waliiokoa. Ya nne waliipoteza wakiwa wameishika. Kufikia wakati maji yaliporudi na kuwafukuza, zilizokuwa zimesimama ni kamba kumi na tisa.

Dereva alishuka hadi ukingoni. Alisimama pale na mabuti yake, ambayo yangeweza kuingia majini vizuri kabisa.

"Mama," alimwita mama yake, "nisaidie kumwambia."

Bibi alitoa kisu kinywani. "Nimwambie nini, mwanangu? Kwamba buti limekufaa?"

*

Jumamosi watu mia tatu walifika kwa mabasi. Walivaa fulana za kijani zilizoandikwa BAHARI YETU, JUKUMU LETU, na maneno hayohayo yalikuwa kwenye bango la plastiki la mita kumi na mbili lililofungwa kati ya miti miwili. Kila mmoja alipewa glavu za kutupa na chupa mbili za maji. Bibi, aliyekaa kwenye ngazi ya nyumba, alizidisha kichwani: chupa mia sita.

"Na watakazokunywa leo wataziokota leo," alisema. "Ndiyo maana ya kujitegemea."

Maji yalikuwa yamekupwa mbali, na ufukwe ulikuwa kama Mratibu alivyoutaka. Mgeni rasmi alihutubia dakika arobaini kuhusu tabia za watu wa pwani. Alisema kilichohitajika ni kubadili fikra. Mama Mwani hakumsikiliza. Alikuwa shambani na ndoo, akikusanya mashina ya mwani yaliyokatika, yale ambayo yangeweza kufungwa upya kuwa mbegu, na kuyapanga mchangani katika mafungu chini ya kitambaa kilicholoa.

Alipoinua macho, vijana wanne walikuwa kwenye fungu la kwanza. Walikuwa wakilitia katika mfuko.

"Huo ni mwani wangu!"

Msichana mwenye miwani ya jua alisimama, fungu limejaa mikononi. Alikuwa na uso mwema. "Shikamoo, mama. Tunakusaidia."

"Huo nimeupanga. Ni mbegu."

"Lakini umejaa plastiki, mama. Ona." Akavuta uzi wa mfuko kutoka kwenye shina, akamwonyesha kama mwalimu. "Unaona? Samaki wanakula hivi, halafu tunakula samaki."

"Najua wanachokula samaki. Rudisha."

Msichana aliwatazama wenzake. Kijana mmoja akasema kwa sauti ya chini, ambayo haikuwa chini vya kutosha, "Ndio hao tulioambiwa. Mwache tu." Wakaenda. Mfuko wakaenda nao. Mbele zaidi, kundi la wafanyakazi wa benki lilikuwa limeshika moja ya kamba kumi na tisa, wakiivuta kwa pamoja huku wakihesabu moja, mbili, tatu, na mpiga picha amepiga goti mbele yao.

Alikimbia na kupiga kelele. Aliokoa kamba hiyo na nyingine sita. Hakuna aliyekuwa amemwambia mtu yeyote wa mjini kwamba mstari wa vigingi baharini ni shamba.

Saa saba matokeo ya mizani yalitangazwa kwenye kipaza sauti: tani mbili na nusu kwa asubuhi moja. Watu wakapiga makofi. Mama Mwani alisimama nyuma ya umati, mikono imekatwa na kamba, akatazama mifuko ile ya kijani iliyopangwa kama ukuta. Maji yalikuwa yakitiririka kutoka chini yake. Chupa tupu haitiririki. Alijua kilichotiririka: mwani wake.

Mabasi yaliondoka saa nane. Gari la kuchukua mifuko halikuja; lilikuwa suala la halmashauri.

Jioni Dereva alirudi na fulana, cheti chenye jina lake limekosewa herufi mbili, na lile bango lote la mita kumi na mbili, limekunjwa begani.

"Pikapu ina dereva wake," alisema. "Yupo likizo tu. Mimi wamenipa ubalozi. Balozi wa Bahari."

"Mshahara?" mkewe aliuliza.

"Ni wa kujitolea." Aliweka bango chini. "Nimeliomba hili. Kwa paa la mama. Ni zito, halivuji."

Bibi aliligusa kwa kidole cha mguu. "Basi nitalala chini ya jukumu letu," alisema. "Ugonjwa na dawa, duka moja." Hakuna aliyecheka, hata yeye.

*

Mnunuzi wa mwani alikuja Jumatatu, akatazama kilichokuwa kwenye chanja, akauliza kama hicho ndicho chote. Alipakia bila kuzima injini. Lilikuwa gunia moja na nusu.

Jumatano simu ya Dereva iliita wakati wa chai. Alitazama jina, akamwangalia mkewe, akaweka simu mezani kwenye sauti ya wazi kama mtu anayeweka kitu alichokiiba.

"Balozi!" Ilikuwa sauti ya Mratibu, yenye furaha na haraka. "Wafadhili wanakuja Alhamisi wiki ijayo kuona matokeo. Nimepita darajani leo, ndugu yangu, hali ni mbaya. Ufukwe ni mchafu kuliko kabla ya kampeni. Na ile mifuko bado ipo, mingine imepasuka. Sasa, ule wavu wenu..."

Dereva alifungua mdomo. Mama Mwani alivuta simu upande wake.

"Wavu una nini?"

"Ahaa, mama. Habari za siku. Ule wavu, mnaweza kuurudisha? Ni ubunifu mzuri sana wa kijamii. Nimeuandika kwenye ripoti. Nimeuweka kama matokeo ya mafunzo yetu."

Chumbani kwa bibi upepo uliipiga plastiki ya bango, ukatulia.

"Wafadhili watafika saa ngapi?" aliuliza Mama Mwani.

"Saa nne asubuhi. Watapita darajani, hakuna njia nyingine. Kwa hiyo naweza kukutegemea?"

"Saa nne Alhamisi," alisema. "Watanikuta darajani."

"Mungu akubariki, mama."

Alikata simu. Bibi alikuwa ameweka kikombe chini, akimtazama mkwe wake kwa macho ambayo hakuwahi kumtazama nayo tangu siku alipoolewa.

"Umemkubalia?"

"Nimemuuliza saa."

Alitoka nje, akavuka mchanga hadi kwenye ukuta wa mifuko ya kijani, akabeba mmoja begani. Ulikuwa mzito na ulinuka. Aliuleta uani, akautundika kwenye mizani yake ya kupimia mwani, akasoma. Kisha akaumwaga na kuanza kutenga. Bibi akaja. Dereva alibaki mlangoni kwa kitambo, kisha akavua mabuti ya mradi, akaja peku, akapiga magoti kwenye uvundo kati yao, bila kuambiwa.

Mfuko mmoja ulikuwa kilo kumi na nne. Mwani, kilo nane. Mchanga, nne. Plastiki, kilo mbili, na ndani ya kilo hizo mbili chupa kumi na moja mpya, baadhi na maji nusu. Mama Mwani alimwambia mumewe alishushe lile bango kutoka paani, aligeuze upande mweupe, alete na rangi ya kuandikia madumu. Alimsomea namba, naye akaziandika kubwa, mwandiko wa mtu aliyezoea kuandika ubavuni mwa lori. Ilibaki mifuko mia moja sabini na minane, na siku nane.

"Na paa langu?" bibi aliuliza.

"Litavuja mpaka Alhamisi, mama; bango hili litaning'inia darajani. Utanisamehe."

"Livuje. Na wavu?"

Mama Mwani alifungua mfuko wa pili. Uvundo uliwapiga wote watatu usoni, na hakuna aliyegeuka.

"Wavu tutaufuma," alisema. "Lakini kwanza waje waone tumbo lake lilikuwa linameza nini."